Sanduku la Maswali: Miguu Njiani, Macho Mtoni

Vuli ya Seattle na vuli ya Tanga hukutana Oktoba, na zote mbili ni za mvua. Tofauti ni kwamba mvua ya Seattle inanyesha kwenye baridi ya nyuzi 7 au 8, na ndiyo inayowafungulia samoni, samaki wa baharini, njia ya kurudi mitoni kutaga na kufa. Msimu huo ukikaribia, barua za wasomaji wetu wa jimbo la Washington na British Columbia huwa za jambo moja: vikundi vya kanisa, vya msikiti, vya kufa na kuzikana na vya wanafunzi vinataka kuingia msituni pamoja na kuwaona samaki hao. Hizi ndizo tulizochagua mwezi huu.

Tuko watu 14, wakiwemo wazee wawili wenye magoti mabovu. Kila tukifika mtoni tunaambiwa samaki wamepita juzi, au bado hawajafika. Twende wapi, na lini?
*Katibu wa kikundi, Kent*

Katibu, mnahesabu samoni kama samaki mmoja. Pwani hii ina aina tano za samoni wa Pasifiki: Chinook, coho, sockeye, chum na pink, na kila aina ina kalenda yake. Kwenye milango ya maji ya Ballard, Seattle, kuna ngazi ya maji ya kupandia samaki yenye vidaraja 21 na chumba cha chini chenye madirisha ya vioo. Hapo sockeye hujaa Julai, Chinook kuelekea mwisho wa Agosti, coho mwisho wa Septemba. Kwenye kijito cha Issaquah, penye kituo cha kutotoleshea samaki, Chinook na coho huonekana toka Septemba hadi Novemba. Chum ndio wa mwisho: kijito cha Piper ndani ya bustani ya Carkeek huwapata Novemba mpaka katikati ya Desemba. Pink nao, katika mito inayoingia ghuba ya Puget Sound, hurudi kwa wingi miaka inayoishia kwa namba witiri tu. Ukiwatafuta mwaka 2026 utarudi na picha za mawe.

Kwa wazee, nendeni Renton. Maktaba ya mji huo imejengwa juu ya Mto Cedar wenyewe, na sockeye wenye miili myekundu na vichwa vya kijani hupita chini yake kuanzia Septemba. Mzee atakaa kwenye kiti, atazame. Vijana waendelee na njia ya kando ya mto, ambayo ni tambarare.

La pili ni mvua. Kiangazi kikirefuka, samaki hukaa mlangoni mwa mto wakingoja maji yapande. Mvua kubwa ya kwanza ikishuka, wanaingia kwa mkupuo, lakini siku hiyo maji ni kama chai ya maziwa na hutaona kitu. Nendeni siku ya pili au ya tatu baada ya mvua, maji yanapoanza kuwa maangavu, kati ya saa tano na saa nane mchana jua likiwa juu. Vaeni miwani ya polaraizi, ile inayokata mng'ao wa maji. Hata ya bei ndogo inatosha, na bila hiyo nusu ya kikundi itakuwa inauliza "wako wapi?" huku wenzao wanashangilia.

Samaki hukaa wameelekea juu mto unakotoka. Mkiwaendea kutoka upande wa chini, mnawajia kwa nyuma. Simameni, msipunge mikono, na vivuli vyenu visiangukie maji.

Novemba iliyopita tulimaliza matembezi gizani tukiwa na tochi za simu tu. Njia ilikuwa kilomita 8. Tulikosea wapi?
*Kiongozi wa vijana, Tukwila*

Mlikosea mezani, kabla hata ya kufunga viatu. Aliyekulia karibu na Ikweta ana saa mwilini inayomwambia kwamba jua linazama saa kumi na mbili na ushei, mwaka mzima. Seattle hapana. Juni linazama baada ya saa tatu usiku. Katikati ya Oktoba ni kama saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni. Kisha Jumapili ya kwanza ya Novemba saa zinarudishwa nyuma, na ghafla jua linazama saa kumi na moja kasorobo. Desemba ni saa kumi na dakika ishirini. Na chini ya misonobari mikubwa giza hutangulia kwa nusu saa nzima.

Hesabu yenyewe ni hii. Kanuni ya zamani ya wapanda milima wa Uskochi ni saa moja kwa kila kilomita 5, ukiongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Hiyo ni ya mtu mzima mkakamavu asiye na watoto. Kikundi chenye watoto na wapiga picha hesabuni kilomita 3 kwa saa. Njia yenu ya kilomita 8, tuseme ina mita 300 za kupanda: saa 2 na dakika 40 za kutembea, dakika 30 za kupanda, dakika 30 za mapumziko. Ongezeni nusu saa ya kusimama mtoni, kwa kuwa ndiyo shabaha ya safari. Jumla saa 4 na dakika 10. Novemba mnatakiwa muwe kwenye magari saa moja kabla ya jua kuzama, yaani saa kumi kasorobo. Kwa hiyo mguu wa kwanza ukanyage njia saa tano na nusu asubuhi, na mkutano wa maegeshoni uwe saa tano kamili. Tangazeni saa nne na nusu, mnajijua.

Halafu kuna mtego ambao ni wetu sisi tu. Ujumbe ukiandikwa "tukutane saa 4", mama aliyezaliwa Mwanza anafika saa nne asubuhi, na binti yake aliyesoma Tukwila anafika saa kumi jioni. Andikeni yote mawili: "saa nne asubuhi, 10:00".

Wekeni pia saa ya kugeuka kabla hamjaondoka, na ikifika mgeuke hata kama mwisho wa njia unaonekana kwa macho. Kila mtu awe na taa yake ya kichwani yenye betri mpya. Simu hapana: mkono mmoja unashika simu, mwingine unashika mzizi, na ukianguka huna wa kujikingia.

Tumejiandikisha watu 23. Tutaendaje bila kupotezana?
*Mwalimu wa madrasa, SeaTac*

Maalim, kwanza angalia sheria ya mahali. Katika maeneo mengi ya hifadhi za nyika za Washington kikundi kimoja hakiruhusiwi kuzidi 12, na mnyama wa mizigo huhesabiwa kama mtu. Mkiwa 23, gaweni vikundi viwili vyenye viongozi wawili, vyenye kuanza kwa kupishana nusu saa au kupita njia tofauti. Kwenye bustani za mji hakuna kizuizi hicho, ila watu 23 kwenye kijia chembamba ni msafara wa harusi. Wengine hawapati pa kupita.

Kila kikundi kiwe na wa mbele na wa mwisho, wanaojulikana kwa majina, na hakuna anayempita wa mbele wala anayebaki nyuma ya wa mwisho. Wa mbele asiwe hodari kuliko wote. Mpangeni mtu wa mwendo wa wastani, na wale wazito wawekwe mara tu nyuma yake. Ukimweka mzito mkiani, kila mara anapowafikia mliopumzika ninyi mnanyanyuka kuondoka, na yeye hapumziki hata mara moja. Baada ya saa mbili ameshachoka na hatasema. Kwenye kila njia panda msimame mpaka wa mwisho afike. Wapeni watoto namba na waiseme kwa sauti: moja, mbili, tatu… Kuhesabu vichwa kwa macho hudanganya.

Funguo za gari zijulikane na watu wawili. Ramani ipakuliwe kwenye simu nyumbani, maana mabonde mengi hayana mtandao, na mtu aliyebaki mjini aandikiwe jina la njia, namba za magari na saa ya kupiga simu ya dharura, 911, msiporudi.

Mwanangu wa miaka 9 alitetemeka mpaka akashindwa kuongea vizuri, na haikuwa hata barafu. Alivaa jinzi na sweta nzuri ya pamba.
*Mama Watatu, Renton*

Pole, mama. Umelitaja mwenyewe: pamba. Pamba inakunywa maji na haiyaachii, na maji yanapora joto la mwili takriban mara 25 kuliko hewa kavu. Jinzi iliyolowa kwenye nyuzi 8 na upepo ni hatari kuliko theluji kavu. Baridi ya namna hii inaua bila kugandisha.

Mvike nguo tatu zilizopandana. Ya ndani iguse ngozi, iwe ya poliesta au sufu. Jezi ya mpira inafaa kabisa na haigharimu kitu. Ya kati ni flisi au sweta ya sufu. Ya juu ni koti la mvua lisilopitisha maji, lenye kofia. Suruali iwe ya poliesta, ile ya michezo. Kwa akina mama wanaovaa gauni refu au buibui: chagueni kitambaa cha poliesta, pindo liishie juu ya kifundo, na suruali ya michezo ivaliwe ndani. Pindo la pamba linalofagia majani huvuta maji mpaka kiunoni. Khanga ibaki ndani ya gari kwa ajili ya kujifunga ukirudi.

Wengi huvaa yote matatu tangu maegeshoni, wanapanda kilima, wanalowa jasho, kisha wanasimama mtoni nusu saa kutazama samaki. Hapo ndipo mwili unapopoa. Anzeni mkihisi baridi kidogo, na mkisimama vaeni ya kati mara moja, kabla ya kuisikia baridi. Ndani ya mfuko wa plastiki wekeni soksi kavu, glavu na kofia ya sufu kwa kila mtoto. Na chupa ya chai ya tangawizi yenye sukari ya kutosha. Hapa sukari ni dawa.

Dalili: kutetemeka, kujikwaa, kununa bila sababu, ulimi kuwa mzito. Mwambie afunge zipu yake. Akishindwa, safari imekwisha. Mwondoe kwenye upepo, mvue vyote vilivyolowa, mvike vikavu, mkalishe juu ya begi asiguse ardhi, mpe chai kama anameza vizuri, mkumbatie. Usimsugue mikono na miguu. Akiacha kutetemeka huku bado wa baridi na anasinzia, hiyo si nafuu. Piga 911.

Watoto wetu walikuwa wanarusha mawe na kuchezea maji ya ugoko, mzee mmoja akatufokea. Maji ya mto yana mwenyewe?
*Aliyefokewa, Federal Way*

Alifoka vibaya pengine, lakini alikuwa anatetea kitanda cha watoto wachanga. Samoni jike hulala ubavu na kupiga changarawe kwa mkia mpaka shimo litokee. Anataga, dume anamwaga shahawa, kisha jike anachimba mbele kidogo ili changarawe zifunike mayai. Jike mmoja hubeba mayai 2,000 hadi 5,000 kutegemea aina na ukubwa wake. Yamelala sentimita 15 mpaka 40 chini, yakipumua kwa maji safi yanayopenya kati ya mawe.

Unyayo mmoja unayaponda. Hata usipoyaponda, tope linalotibuliwa na watoto au mbwa huziba zile nafasi na mayai yanakosa hewa. Maji yakiwa nyuzi 5 hivi, yai huchukua miezi kama mitatu kuanguliwa, na kitoto kikitoka hubaki mumo humo kikila kiini kilichoning'inia tumboni, mpaka majira ya kuchipua. Basi toka Septemba hadi Mei hesabu changarawe za mto wa samoni kuwa si pa kukanyaga. Kiota hujulikana kwa doa la mviringo lenye mawe meupe, safi, katikati ya mawe mengine yenye ukoga. Watoto wakijua hilo hugeuka walinzi wakali kuliko yule mzee.

Mbwa wetu alikula kipande cha samaki aliyekufa ufukweni mwa mto. Anaonekana mzima.
*Msomaji, Everett*

Mpigie daktari wa mifugo leo, usingoje. Samoni wa mito ya huku hubeba mnyoo mdogo unaotokana na konokono wa majini, na ndani ya mnyoo huo kuna bakteria inayoua mbwa. Dalili hutokea kama wiki moja baadaye: kukataa chakula, homa, kutapika, kuharisha wakati mwingine kwa damu, matezi kuvimba. Mbwa wengi wasiotibiwa hufa. Wakitibiwa mapema kwa antibayotiki hupona vizuri. Kosa la kawaida ni mwenye mbwa kusahau kumwambia daktari habari ya samaki, kwa kuwa wiki imepita, na daktari anatibu tumbo la kawaida. Sema "samaki mbichi" kabla ya kusema jambo lingine. Samaki aliyepikwa hana shida hiyo. Kando ya mto, mbwa afungwe kamba fupi.

Na dubu je? Wake zetu hawataki kusikia.
*Wazee wa kikundi, Lynnwood*

Kando ya mito ya magharibi ya Washington mtakuta dubu weusi; kaskazini zaidi, British Columbia na Alaska, yupo pia dubu wa kahawia, mkubwa na mkali zaidi. Kikundi kinachoongea na kinachotembea pamoja dubu hukisikia na kujiondokea. Ugumu ni kwamba mto una kelele zake na unameza sauti zenu. Kwenye kona na vichaka kando ya maji pigeni makofi, imbeni. Kwaya ina kazi hapa.

Kopo la pilipili ya kupuliza ya kufukuzia dubu linafaa, ila livaliwe kiunoni. Likiwa chini ya chapati ndani ya begi ni uzito tu. Hufika mita 7 hadi 9, kwa hiyo halipulizwi mpaka dubu awe karibu kiasi hicho, na upepo uangaliwe. Someni tarehe ya mwisho iliyopigwa kwenye kopo. Ndege hailipokei, si mkononi wala kwenye mizigo. Mkimwona dubu: msikimbie, kusanyikeni, watoto katikati, ongeeni kwa sauti ya kawaida na mrudi nyuma polepole. Mabaki ya sambusa yarudi nyumbani nanyi.

Lakini kusema kweli, kinachowaangusha watu kwenye njia hizi ni mizizi iliyolowa na madaraja ya magogo yenye ukoga. Fimbo mbili za kutembelea zitawasaidia wake zenu kuliko kopo lolote.

Tulikatazwa hata kumgusa samaki anayekufa, na siku hiyohiyo tuliona watu wametandaza nyavu mto mzima. Huo si upendeleo?
*Mvuvi wa zamani wa Ziwa Viktoria, Auburn*

Swali zuri, mzee wetu. Wale yamkini ni wenyeji wa asili. Mwaka 1854 na 1855 makabila ya eneo hilo yalisaini mikataba na serikali ya Marekani: yalitoa ardhi, yakabakiza haki ya kuvua mahali pao pa jadi. Haki hiyo ikapuuzwa kwa miongo mingi, watu wakakamatwa wakiwa na nyavu zao, hadi Februari 1974 jaji George Boldt alipoamua kwamba makabila yenye mikataba yana haki ya hadi nusu ya samaki wanaoweza kuvuliwa. Mahakama ya Juu ya Marekani iliithibitisha hukumu hiyo, kwa sehemu kubwa, mwaka 1979. Hawakupewa, walibakiza chao.

Na huyo samaki anayekufa hungefaidika naye. Samoni wa Pasifiki akiingia maji baridi haendelei kula. Mafuta yote yamekwenda kwenye safari na mayai, nyama imekuwa kama pamba, ngozi ina ukungu. Mzoga wake ni mbolea: dubu na tai huuburuta msituni, wadudu huula, na nitrojeni iliyotoka baharini imepimwa ndani ya miti iliyosimama kando ya mito hiyo. Ukitaka kuvua, kata leseni na usome kanuni za mto huo kwa mwaka huo. Vijito vingi vya kutagia vimefungwa kabisa.

Tunaishi Surrey, Kanada. Kuna anayesema 2026 ndio mwaka wa Mto Adams. Ni kweli?
*Wanafunzi watano*

Ni kweli. Sockeye wa Mto Adams hurudi kila mwaka, lakini kila baada ya miaka minne huwa wengi kupindukia: 2010, 2014, 2018, 2022, kisha 2026. Wanapanda mto Fraser na Thompson karibu kilomita 500 kutoka baharini. Mahali pa kuwaona ni hifadhi ya Tsútswecw, karibu na Chase, na kilele huwa katika wiki tatu za kwanza za Oktoba. Kutoka Surrey ni mwendo wa saa nne hadi tano kwa gari. Nendeni siku ya kazi, asubuhi, maana mwisho wa wiki maegesho hujaa.

Tahadhari ya barabara: kuanzia Oktoba 1 barabara kuu za milimani huko zinadai matairi ya majira ya baridi, na polisi wanaweza kuwarudisha. Wenzenu wa Seattle wanaotaka kuwafuata, kopo la pilipili la dubu lenye maandishi ya kufukuzia wanyama linaruhusiwa mpakani, lile dogo la kujikinga na watu ni marufuku. Na ambaye ombi lake la hifadhi ya ukimbizi Marekani bado halijaamuliwa asivuke kabla ya kuongea na wakili. Samaki watarudi 2030.

Je, Afrika Mashariki tuna samoni?
*Msomaji, Nyeri*

Samoni hamna, lakini binamu yake mnaye mlangoni. Trauti walioletwa Kenya na walowezi mwanzoni mwa karne ya 20 wangali kwenye mito baridi ya Aberdare na Mlima Kenya. Trauti wa upinde wa mvua ni wa jenasi ileile ya samoni wa Pasifiki, na akienda baharini na kurudi, watu wa Washington humwita steelhead. Wa kwenu hana bahari ya kuendea, kwa hiyo hukaa mtoni maisha yake yote na hafi baada ya kutaga. Changarawe anazotagia ni zilezile za kukwepwa.